Kabati la Kutunzia Sigara Nene
Mazungumzo kwa maseremala wa Eldoret na wilaya za jirani



Katika Eldoret, mji ulioanza mwaka 1910 kama posta ndogo katika shamba nambari 64, na uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, seremala hodari hakosi kazi. Leo huagizwa kitanda, kesho meza ya shule, kesho kutwa jeneza. Lakini huenda siku moja akaja mtu akamwambia, "Fundi, niundie kabati la kutunzia sigara nene." Je, afanye nini? Akikubali bila kujua, ataharibu mbao na mali ya mwenyewe. Akikataa, ametupa kazi yenye malipo mazuri. Mazungumzo haya yametungwa ili kumsaidia.

Sigara nene si kama sigara ya pakiti. Hii ni majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa bila karatasi, na zilizo maarufu hutoka Cuba, Nicaragua na Jamhuri ya Dominika, nchi zenye joto na unyevu. Majani hayo hutaka hewa yenye unyevu wa sehemu 65 hadi 72 katika 100. Unyevu ukipungua kwa muda mrefu, hukauka, hupasuka na kupoteza harufu yake. Ukizidi sana, huota ukungu. Tena joto likipita digrii 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yaweza kuanguliwa, na mdudu huyo hutoboa sigara kama dumuzi atoboavyo mahindi.

Eldoret uko kiasi cha meta 2,100 juu ya usawa wa bahari. Joto lake si kali, lakini tangu Desemba hadi Machi, kabla ya mvua za masika, hewa ya mchana hukauka sana. Basi kabati hili lina kazi moja tu: kuizuia hewa ya ndani isifuate hewa ya nje.

JINA SI MTI

Kosa la kwanza hutokea kwenye jina. Mafundi wa ng'ambo husema ndani ya kabati iwekwe mbao za mwerezi wa Kihispania. Seremala wa Uasin Gishu akisikia mwerezi, mawazo yake humwendea mtarakwa, ambao Wakalenjin huuita tarakwet. Mti unaotoa nguzo za ua zisizoliwa na mchwa, na ambao kwa miaka mingi ulipasuliwa kufanyia penseli. Mtarakwa ni mti mzuri, lakini siyo huo. Mafuta yake yana harufu kali, na tumbaku hushika harufu upesi, kama vile maziwa yashikavyo harufu ya kibuyu. Saiprasi na msonobari pia havifai, kwa sababu ya utomvu wake.

Mwerezi wa Kihispania haukutoka Hispania, wala si mwerezi. Wataalamu huuita Cedrela odorata. Asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na ukoo wake ni mmoja na mkangazi na mwarobaini. Uliletwa Afrika Mashariki ukapandwa, na huko Tanzania umezagaa hata ndani ya msitu wa Kimboza, Morogoro, ambako huisonga miti ya asili. Ubao wake ni mwepesi, una harufu ya upole, nao hunywa unyevu na kuutoa polepole. Asiyeupata na atumie mkangazi, ambao hauna harufu kali wala haupindi ovyo.

MBAO ZIKAUKE KWANZA

Ubao haufi siku mti uangukapo. Huvimba kwa unyevu na kunywea kwa ukavu, tena zaidi upande wa upana kuliko wa urefu. Kwa ajili hiyo kabati lililoundwa kwa mbao mbichi litapasuka kabla ya mwaka kwisha. Mafundi wa zamani huhesabu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila inchi ya unene. Mbao zipangwe kivulini, zikitengwa kwa fito ili upepo upite kati yake. Asiyetaka kubahatisha achukue kipande kimoja, akipime uzito kila juma. Uzito ukikoma kupungua, mbao zimefikia hali ya hewa ya mahali pale.

JINSI YA KUUNDA

Kwa mtu mwenye sigara mia kadhaa, chafaa kimo cha futi tatu, upana wa futi mbili na kina cha inchi kumi na nane. Sanduku la nje liwe la ubao wa inchi moja kabla ya kupigwa randa. Pembe ziunganishwe kwa meno yanayoumana, si kwa misumari tu, maana hewa hupita penye msumari uliolegea. Ndani liwekwe bitana la mwerezi wa Kihispania au mkangazi, unene wa robo inchi.

Mlango ndio unaoshinda wengi. Ubao wa katikati usigundishwe. Uteleze ndani ya mfereji wa fremu, uwe na nafasi ya kuvimba na kunywea. Ukingo wa mlango ulalie mkato uliochongwa kwenye sanduku, usije ukaacha upenyo. Rafu ziwe za fito zilizoachana nusu inchi, wala zisiguse ukuta wa nyuma, ili hewa izunguke.

Nje pakwe vanishi. Ndani pasipakwe vanishi, rangi wala nta, kwa kuwa ubao uliozibwa hauwezi kunywa unyevu. Kisha mlango uachwe wazi mpaka harufu ya gundi na vanishi iishe kabisa.

CHUMVI HAISEMI UONGO

Kabati jipya lisitiwe sigara siku hiyo hiyo, kwani mbao kavu zitazinyang'anya sigara unyevu wake. Chini ya kabati iwekwe sinia yenye sponji na maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke, yasiyo na chokaa. Mlango ufungwe juma moja au mawili, mpaka kipima unyevu kitulie kwenye 70 hivi.

Lakini kipima unyevu chenyewe kitaaminiwaje? Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji hadi iwe kama mchanga wa mvua, isiyeyuke. Kiweke pamoja na kipima unyevu ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kwa muda wa saa 12. Kipimo kizima kitaonyesha 75. Kikionyesha 70, kinapunguza kwa tano.

Mkulima naye hutumia chumvi hiyo hiyo. Hutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, huitikisa, huiacha itulie. Chumvi ikishika kioo, unyevu wa mahindi umepita sehemu 15 katika 100. Isiposhika, bado ayaanike zaidi, kwani Halmashauri ya Nafaka na Mazao hutaka yasipite 13.5. Jambo hilo si dogo: mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya ukungu. Ghala hutaka ukavu na kabati hutaka unyevu, lakini kanuni ni ile ile, na anayeijua moja ameijua na ya pili.

Kabati hili lisimfanye mtu adhani kwamba tumbaku ni kitu chema. Sigara nene hudhuru mwili kama zilivyo nyingine, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia aliye chini ya miaka 18. Bali kazi ya seremala ni kuunda sawasawa kile alichoagizwa, asimtoze mtu fedha kwa chombo kitakachopasuka wakati wa kiangazi. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.