Chokoleti na Jasho la Mtoto

Ghana na Ivory Coast huzalisha zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Utafiti wa taasisi ya NORC ya Chicago, uliotolewa mwaka 2020, ulikadiria kuwa watoto milioni 1.56 walitumikishwa katika kilimo cha kakao cha nchi hizo, wengi wao wakishika mapanga na kubeba mizigo mizito.

Chanzo kikuu cha utumikishwaji huo ni umaskini wa wakulima, hivyo bei wanayolipwa ina uzito.

Wanunuzi wengi wa Ulaya husema wanataka chokoleti ya haki, lakini dukani bei huwashinda. Nembo ya Fairtrade humwekea mkulima kiwango cha chini cha bei, na ushirika wake hupata nyongeza.

Kabla ya kununua chokoleti, soma karatasi yake. Tafuta nembo, uliza kakao imetoka wapi.