Kazi ya Mjumbe wa Kehancha na Namna ya Kuipima



Mtu akipita sokoni Kehancha siku za uchaguzi zinapokaribia, hatakosa kusikia swali moja: "Huyu tuliyempeleka barazani, ametuletea nini?" Swali hilo ni la haki kabisa. Anayelipa ushuru yampasa kujua ushuru wake umekwenda wapi. Lakini jibu aghalabu hutafutwa mahali pasipo pake. Huhesabiwa mablanketi, mifuko ya sukari, na noti zilizotolewa katika harambee na matanga. Kisha husemwa kwamba fulani ni mjumbe mwema na fulani ni mchoyo. Hesabu ya namna hiyo haionyeshi hata kidogo kama mjumbe alifanya kazi aliyotumwa.

Yafaa kwanza kukumbuka jinsi kazi hiyo ilivyokuwa zamani. Halmashauri za wenyeji zilianza katika Kenya kwa sheria ya mwaka 1924, na mwaka 1950 zikaitwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika. Nchi ya Wakuria ilikuwa chini ya ile ya South Nyanza. Baada ya Uhuru, mabaraza ya wilaya yalishika shule za msingi, zahanati na barabara, hata sheria ya mwaka 1969 ilipoyaondolea kazi hizo tatu na kuzitia mikononi mwa Serikali Kuu tangu Januari 1970. Diwani wa mashambani akabaki na soko, machinjio na leseni, na fedha kidogo sana. Mtu aliyemlaumu diwani wa miaka ile kwa zahanati isiyo na dawa alimlaumu mtu asiyekuwa na ufunguo wa ghala.

Wilaya ya Kuria ilipokatwa kutoka Migori katika miaka ya 1990, Kehancha ikawa na baraza la manispaa. Manispaa hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo, kwa kuwa mpaka wake haukukoma mwisho wa maduka, bali ulichukua pia mashamba ya mahindi na tumbaku, na malisho ya ng'ombe. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 iliikuta wilaya hiyo na watu 151,887, na sehemu kubwa yao walikuwa wakulima. Basi diwani wake alikuwa wa mji kwa jina, na wa shamba kwa kazi.

Mabaraza hayo yote yalikwisha baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kwa amri ya Katiba ya mwaka 2010. Mahali pa diwani pakachukuliwa na Mwakilishi wa Wadi katika Bunge la Kaunti ya Migori. Wengi hudhani kwamba jina tu ndilo lililobadilika. Sivyo. Diwani wa zamani aliketi katika baraza lililotunga sheria ndogo na pia kusimamia kazi yenyewe. Mwakilishi wa sasa amekatazwa kufanya hivyo: Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, yasema asijiingize katika kazi za utekelezaji, kwa dhahiri wala kwa siri. Yeye hutunga sheria, hupitisha makisio ya fedha, na huwauliza maswali Gavana na mawaziri wake wa kaunti. Mfuko wa fedha hauko mkononi mwake. Mjumbe ajisifuye kwamba "nimejenga barabara hii" amesema uongo, au amekiri kosa.

Kadhalika kuna lawama anazotupiwa zisizo zake. Polisi, shule za msingi na za sekondari, na barabara kuu kama ile ipitayo Migori kwenda Isebania mpakani mwa Tanzania, hizo ni kazi za Serikali Kuu. Madarasa mengi hujengwa kwa mfuko wa jimbo la Mbunge. Yaliyo ya kaunti ni zahanati na hospitali za kaunti, barabara ndogo, masoko, maji, kuzoa taka, taa za mitaani, shule za watoto wadogo na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hayo mwakilishi aulizwe, na aulizwe sana.

Chukua zahanati. Jengo hujengwa kwa fungu la maendeleo, ambalo sheria yataka lisipungue 30 kwa mia ya makisio ya kaunti. Lakini mshahara wa muuguzi hutoka katika fungu jingine, na dawa vilevile. Ndiyo sababu jengo laweza kupakwa rangi, likafunguliwa kwa ngoma na hotuba, kisha likafungwa kwa kufuli. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku hasaidiwi na rangi ya ukuta. Huchukuliwa kwa pikipiki hadi hospitali ya Kehancha, na mvua ikinyesha huenda pikipiki isipite. Mjumbe aliyepigania jengo peke yake amefanya nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi, maana jengo huonekana na kupigwa picha. Mjumbe aliyeuliza kabla ya matofali kufyatuliwa, "Muuguzi ataajiriwa kwa fungu gani, na mwaka gani?" huyo hakupigwa picha, lakini ndiye aliyejua kazi.

Liko na jambo la ushuru wa soko. Zamani senti zilizotozwa Kehancha ziliingia katika mfuko wa baraza la Kehancha lenyewe. Sasa Katiba, katika kifungu cha 207, imeweka Mfuko mmoja wa Mapato kwa kila kaunti, na fedha zinazokusanywa huingia humo, isipokuwa zile zilizoachwa nje na sheria. Kwa hiyo shilingi ya mama auzaye ndizi hairudi Kehancha kwa sababu tu ilitoka Kehancha. Itarudi, ikiwa choo cha soko au bomba la maji, endapo mtu ameisimamia katika makisio kule Migori.

Na hapa ndipo penye ugumu ambao haupendwi kutajwa. Kaunti ya Migori ina wadi 40. Kuria Magharibi ina 7 na Kuria Mashariki ina 5, jumla 12. Viti 12 peke yake havipitishi neno katika bunge la wajumbe 40 waliochaguliwa, mbali na wale wa kuteuliwa. Mjumbe wa Kuria akisimama na kunguruma, watu wa nyumbani watamshangilia. Lakini kura zikihesabiwa, ameshindwa. Anayehitajiwa ni mtu awezaye kuketi na mwenzake wa Nyatike au wa Uriri, akamwambia, "Ndugu, niunge mkono kwa maji yangu, nami nitakuunga mkono kwa daraja lako." Kuna wanaouita mwendo huo usaliti. Hao wangetakiwa kueleza ni kwa njia gani nyingine kura 12 zitakuwa nyingi za kutosha kushinda.

Mwenye kutaka kuipima kazi hiyo asingoje mwaka wa uchaguzi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Makisio hupelekwa bungeni kabla ya mwisho wa Aprili na kupitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Mpango wa kazi za mwaka unaofuata hupelekwa tarehe 1 Septemba. Mjumbe aonekanaye kila mazishi ya Mei na Juni, na asiyeonekana katika kamati siku hizo, ana swali la kujibu. Maneno yanayosemwa bungeni huandikwa. Makisio nayo ni karatasi za umma, na kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 mwananchi aliyeomba kwa barua yampasa afisa husika kumjibu kwa siku 21. Barua hiyo yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na sababu ya kuomba haihitaji kutajwa.