Maji Machafu na Dawa Isiyoponya
Hotuba ya Kamati ya Wakimbizi, Bujumbura

Ndugu wakimbizi wenzetu, na ninyi wageni wetu wa mashirika,

Leo tunawakumbuka wenzetu wa Goma. Miezi ya Julai na Agosti 1994 walikufa huko watu wapatao 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Walikuwa wakinywa maji ya Ziwa Kivu yasiyotiwa dawa. Tena vijidudu vya kipindupindu vilikuwa vimeishinda tetrasiklini, na vya kuhara damu vimezishinda dawa nyingi za zahanati.

Hapa Bujumbura mto Ntahangwa hupita mjini na kuingia Ziwa Tanganyika. Choo kikifurika, kinyesi cha mgonjwa aliyemeza dawa hupeleka majini vijidudu vilivyoizoea. Humo vijidudu huweza kuambukizana usugu huo, hata vikiwa vya aina mbalimbali. Mtoto akiyanywa maji hayo, dawa tuliyoitegemea huenda isimsaidie.

Basi tuchemshe maji au tutie klorini. Tusinunue kidonge kimoja kimoja sokoni. Anayeharisha apewe kwanza maji ya chumvi na sukari, kisha apelekwe zahanati.

Nanyi wa mashirika, tunaomba vyoo na mabomba kabla ya mvua. Sanduku la dawa peke yake halitatuokoa.