Hija ya Miguu kutoka Kihoto hadi Subukia

(Mhadhara wa umma uliosomwa mbele ya wakazi wa Kihoto, Naivasha)



Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba inapowadia, Wakatoliki wa Kenya huelekea Subukia, kwenye kituo cha taifa cha hija ya Bikira Maria, kilimani karibu na ikweta, ambako ipo chemchemi ambayo waumini huteka maji yake wakaenda nayo majumbani. Na ijapokuwa wengi hufika kwa basi, wapo ambao, kwa nadhiri waliyoiweka baina yao na Mola wao, hushika njia kwa miguu. Nami niliondoka hapa Kihoto kwa nadhiri ya namna hiyo, nikapita Gilgil, Kariandusi, Nakuru na Bahati; na hoja yangu jioni hii ni kwamba hija ya mtu peke yake haipo.

Karibu na Kariandusi, ambako vumbi la machimbo hugeuza majani ya kando ya barabara yakawa kama yamenyunyiziwa unga, mama mmoja muuza mahindi ya kuchemsha alinipa hindi na kikombe cha maji, na nilipotoa sarafu akausukuma mkono wangu, akasema: “Weka pesa yako, baba. Ukifika, mtaje mjukuu wangu. Hatembei.” Mbele kidogo kijana wa bodaboda akaniomba nimwombee amalize mkopo wa pikipiki. Hivyo nadhiri iliyokuwa siri yangu ikawa amana ya watu, nami nikafahamu kwa nini Waislamu, katika mafungu manane ya wanaostahili zaka, wamemtengea fungu lake msafiri aliyeishiwa: aliye njiani ana haki juu ya walio majumbani, na wao wana haki juu yake.

Fauka ya hayo, mwenye kutembea kwa hiari huandamana na wasio na hiari. Mwaka 1883 msafara wa mvumbuzi Joseph Thomson ulifika Naivasha, na jina la Thomson likapewa maporomoko ya Nyahururu, ilhali wapagazi wa pwani waliobeba mizigo vichwani aghalabu hawatajwi. Leo pia, alfajiri, vibarua wa mashamba ya maua na watoto wa shule hupita ukingoni mwa lami, wakiruka mtaroni kila lori linapovuma; na mwaka 2020, Ziwa Naivasha lilipofurika likaingia katika nyumba za mtaa huu huu, majirani zenu walitoka kwa miguu, magodoro vichwani, pasipo nadhiri wala kituo walichokikusudia.

Basi, madhali upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ipitayo Naivasha na Nakuru, ulizinduliwa mwaka 2025, nawasihi wahandisi, wabunge na viongozi wa kaunti waitengee njia ya waendao kwa miguu, pana na iliyoinuliwa juu ya lami, tangu Naivasha hadi Nakuru. Na nanyi wakazi wa Kihoto nawasihi mwende mikutanoni mkaidai. Njia hiyo itawafaa mahujaji kwa siku chache za mwaka, na vibarua na watoto wa shule kila siku.