Safari ya Kwanza Ng'ambo

Ndugu walimu na watumishi wa umma,

Baadhi yenu mnajiandaa kwenda masomoni ng'ambo kwa mara ya kwanza. Tabora yetu inaijua kazi hiyo tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda Bagamoyo kwa miguu, na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Hawakuondoka kwa kubahatisha. Walingoja kiangazi, wakamfuata kirongozi aijuaye njia, wakajaza vibuyu kabla ya nyika kavu za Ugogo. Huko msafara ulidaiwa hongo, neno ambalo enzi hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa kupita. Msafara usioutenga mapema ulikwama njiani.

Leo mlinzi wa njia hudai viza. Nchi nyingi hutaka pia pasipoti iwe na muda usiopungua miezi 6. Kagueni basi hati zenu mapema, pamoja na cheti cha chanjo na kibali cha mwajiri. Waulizeni waliotangulia, kuuliza si ujinga. Sweta hununuliwa hata huko. Hati iliyosahauliwa nyumbani haiuzwi uwanja wa ndege.

Kubwa zaidi, mjue mtarudi na nini. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha St. Mary's hapa Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949. Alirejea mwaka 1952, akashika tena chaki huko Pugu. Mpagazi aliwaletea nguo waliobaki wakilima. Wanaobaki leo wakishika vipindi vyenu wanangoja maarifa. Msirudi mikono mitupu.