Mwite Pembeni



Ndugu zangu wa kiume na wa kike, nitasema machache tu, maana Maghrib iko karibu na macho yenu yashaanza kuzitazama tende.

Kundi letu la WhatsApp lina kanuni, na mojawapo ni kutosambaza habari za kuandama kwa mwezi kabla hazijathibitishwa. Ramadhan iliyopita ndugu mmoja akaleta ujumbe kwamba mwezi umeonekana. Wapi! Mimi msimamizi nikamjibu mbele ya wote: "Wewe kanuni husomi?" Wengine wakatia chumvi, wakacheka. Usiku uleule akajitoa, na darsa za Jumamosi hakuja tena. Kanuni niliilinda, ndugu nikampoteza.

Na kisa cha bedui aliyekojoa msikitini sote tumekisoma madrasa. Masahaba walimkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia, akamwacha amalize. Kisha akamwita, akamweleza kwa upole kwamba misikiti ni ya swala na kumdhukuru Allah, akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Sheria haikulegezwa hata kidogo, na mtu hakuaibishwa.

Siku hizi naufuta ujumbe, halafu namwandikia mwenyewe pembeni: "Akhi, nimeuondoa hadi tuthibitishe, usinielewe vibaya." Aghalabu hujibu jazakallah khair, yakaisha. (Mkaidi ni habari nyengine, huyo tunampeleka kwa wazee.)

Ndugu yule nilimwendea kwao Shaaban kumtaka radhi. Sikumkuta, mamake akanipa chai. Leo baada ya tarawehe nitapita tena, inshallah.