"Hand over": kukabizi si kutupa zawadi

Maneno yaliyosemwa katika mukutano wa memba



Leo tunaongea juu ya maneno mawili ya Kiingereza yanayotajwa katika kila muradi: "hand over". Wenye kusoma Kifaransa watafikiri "remettre". Iko karibu, lakini tuangalie vizuri.

"Hand" ni mukono. "Over" inaonyesha kitu kinavuka toka upande huu kwenda ule. Mwizi akisema "hand over the money", anasema: leta feza! Infirmier wa usiku naye anafanya "hand over" asubui: anamuelezea mwenzake hali ya kila mugonjwa mbele ya kwenda kulala. Na wakubwa wanakabiziana mamlaka: tarehe 1 mwezi wa 7, 1997, Uingereza ilikabizi Hong Kong kwa China. Hapa kwetu Kivu ya Kusini, tarehe 28 mwezi wa 2, 2024, MONUSCO ilikabizi kambi yake ya Kamanyola kwa polisi ya taifa. Polisi haikupokea nyumba tu. Ilipokea na kazi.

Sasa, barua ya mashini ya kusaga inasema itakuwa "handed over" kwa chama chetu. Wengi walipiga vigelegele: wametupa mashini! Ndiyo, lakini toka siku ile mazutu ni yetu, mukanda ukikatika ni wetu, mushahara wa musagaji ni wetu. Musichanganye na "hand out". Ile ni kugawa, kama tulivyogawiwa unga kule Lugufu na Nyarugusu: unapokea, unapika, imeisha. "Hand over" inakuja na muzigo wake.

Kwa hiyo, mbele ya kutia saini tuulize matatu: Karatasi za mashini zitaandikwa kwa jina la nani? Nani atafundisha fundi wetu? Feza ya kuitengeneza itatoka wapi?

Na kwenu wafadhili, tunasema kwa heshima: picha, hotuba na funguo havitoshi. Yule infirmier haondoki mbele mwenzake hajaelewa. Mutembee na sisi hata musimu moja wa mavuno, kisha muachilie mukono.

Memba, tuanze kuweka franga za mazutu sasa, mashini haijafika.